Kitanda, Meza, Kiti na Taa

Masomo ya wiki: 2 Wafalme 4:8–10, Wagalatia 6:6



Kitabu cha Pili cha Wafalme kinatusimulia habari za mwanamke wa Shunemu, mtu wa uwezo na mwenye jicho la kuona. Nabii Elisha alikuwa akipita mjini kwao mara kwa mara, na kila alipopita mama huyu alimkaribisha chakula. Siku moja akamshauri mumewe: huyu apitaye kwetu ni mtu wa Mungu, basi tumjengee chumba kidogo cha juu, tumwekee kitanda, meza, kiti na taa, ili kila ajapo apate pa kuingia.

Elisha hakuomba kitu. Hakuandika barua ya mchango, wala hakusimama mbele ya watu kueleza shida zake. Mama aliitazama kazi ya mtu huyu, akajiuliza kazi ile inahitaji nini, akatoa hicho hicho kinachohitajika.

Tuitazame orodha yake. Kitanda ni cha mtu anayechoka. Meza na kiti ni vya mtu anayesoma na kuandika. Taa ni ya mtu ambaye kazi yake haiishi jua linapokuchwa. Na mimi nikijiuliza ni nani hapa Unguja mwenye mahitaji kama haya, jibu linanijia bila taabu: ni mwalimu wa lugha, na kwa namna ya pekee mwalimu wa Kiingereza katika skuli zetu, mjini na mashamba.

Kwa Wagalatia, Mtume Paulo anaagiza kwamba anayefundishwa amshirikishe mwalimu wake katika mema yote aliyonayo. Paulo alikuwa akisema juu ya walimu wa Neno, na hatupaswi kulificha hilo. Hata hivyo kanuni anayoiweka ina nafasi pana: aliyenufaika na mafundisho ana wajibu kwa aliyemfundisha. Paulo haiiti sadaka ya huruma. Anaiita ushirika. Maana yake, unachompa mwalimu wako ni fungu lake katika mavuno aliyoyapanda yeye. Hili ndilo ninalotaka tulibebe wiki nzima: kumtegemeza mwalimu wa lugha ni kulipa deni.

Tuangalie basi jinsi tunavyokula. Wengi wetu katika usharika huu tunaishi kwa kazi zinazosimama juu ya Kiingereza. Yupo anayepokea wageni hotelini Nungwi au Kendwa, yupo anayehudumia mezani Paje au Jambiani, yupo anayewaongoza watalii kutoka Forodhani hadi Darajani huku akiwaeleza habari za milango yetu ya nakshi. Yupo muuguzi anayesoma maelezo ya dawa, karani anayejibu barua, kijana anayeandika maombi ya kwenda chuo kikuu. Mshahara wa mwisho wa mwezi una alama ya mtu fulani aliyewahi kusimama mbele yetu na chaki mkononi, akaturudisha kwenye sentensi moja mara tatu, mara nne, mpaka ikanyooka. Je, mtu huyo yuko wapi leo? Na anayesimama mahali pake sasa, mbele ya watoto wetu, ana nini mezani?

Wapendwa, sisi tunaosali hapa Mkunazini hatuna haki ya kulisahau jambo hili, kwa sababu tunaabudu juu ya sadaka za watu wengi. Mkataba wa Juni 1873 kati ya Sultani Sayyid Barghash na Uingereza ulilifunga soko la watumwa, na Krismasi ya mwaka huo huo jiwe la msingi la Kanisa Kuu likawekwa mahali pale pale. Sehemu ya kiwanja ilinunuliwa na mmisionari Arthur West kwa fedha zake mwenyewe. Sehemu nyingine ilitolewa na mfanyabiashara wa Kihindu, Jairam Senji. Saa ya mnara ni zawadi ya Sayyid Barghash. Mkristo, Mhindu na Mwislamu, kila mmoja ameacha mkono wake katika nyumba hii.

Lakini kabla ya kanisa lilikuwapo darasa. Wamisionari Askofu William Tozer na Dokta Edward Steere walifika Unguja mwaka 1864, na wanafunzi wao wa kwanza walikuwa watoto watano wa kiume waliookolewa kutoka katika jahazi la watumwa, ambao Sultani Majid aliwakabidhi kwao. Kutokana na mwanzo ule mdogo kikakua Chuo cha Mtakatifu Andrea pale Kiungani, kusini ya mji, kilichofundisha walimu, makarani na watumishi wa Kanisa. Mmoja wa wale watano, John Swedi, aliwekwa kuwa shemasi mwaka 1879. Mwanafunzi mwingine wa Kiungani, Cecil Majaliwa, akawa padre mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza kufikia daraja hiyo katika misheni yao. Watoto waliokuwa wamepangiwa bei sokoni wakawa watu wanaofungua kitabu na kufundisha wenzao.

Naomba tuzingatie jinsi Steere alivyoianza kazi yake. Alikuja kufundisha, lakini kwanza alikaa kujifunza. Aliketi na wenyeji wa Unguja, akawasikiliza, akayaandika masimulizi yao, na mwaka 1870 akatoa kitabu cha sarufi ya Kiswahili na kingine cha hadithi kama alivyosimuliwa na watu wa hapa. Alijua kwamba mtoto hufika kwenye lugha ya pili akiwa ameshika mkono wa lugha ya kwanza. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba kumsaidia mwalimu wa Kiingereza ni kukidharau Kiswahili. Mwalimu mzuri wa Kiingereza hapa kwetu ni yule anayekijua Kiswahili vizuri, anayeweza kumwonyesha mtoto mahali lugha mbili zinapokutana na mahali zinapoachana.

Yuko na mwingine ambaye jina lake halipaswi kupotea. Mwaka 1877 alifika Unguja mwanamke aitwaye Caroline Thackeray, wa ukoo mmoja na mwandishi wa riwaya William Makepeace Thackeray. Aliiongoza skuli ya wasichana ya Mtakatifu Maria, Mbweni, ambako waliishi na kusoma wasichana waliokombolewa utumwani, na baadhi yao wakaandaliwa kuwa walimu. Alikuwa na mali yake, na mali hiyo aliitumia kwa ajili ya skuli. Akaongoza mpaka mwaka 1902, miaka 25. Alipostaafu hakurudi kwao. Alibaki Mbweni, akafa mwaka 1926, akazikwa katika makaburi ya Kanisa la Mtakatifu Yohana. Magofu ya skuli yake yako mpaka leo, karibu na bahari.

Historia hii ina doa lake, na Kanisa lisilosema ukweli wake haliwezi kutubu. Wasichana wale hawakuulizwa wanataka kufundishwa nini. Misheni ilikuja pamoja na nguvu za dola ya kigeni, na mara nyingi mtoaji ndiye aliyeamua maisha ya mpokeaji yawe vipi. Hilo tulikatae. Lakini tulichukue hili: kati ya zawadi zote za Bibi Thackeray, kubwa kuliko zote ilikuwa kukaa. Alitoa mwaka huu, akatoa na mwaka uliofuata, akazijua sura za wanafunzi wake, akazeeka miongoni mwao. Yule mama wa Shunemu naye alijenga chumba kwa sababu alijua Elisha atapita tena na tena. Sadaka yenye faida kwa mwalimu ni ile inayojua kwamba kesho kutwa kuna kipindi kingine.

Sasa tutazame hali yetu. Tarehe 23 Septemba 1964 Serikali ya Mapinduzi ilitangaza elimu bila malipo, na mlango uliokuwa umefungwa kwa watoto wengi wa wakulima na wavuvi ukafunguliwa. Tunamshukuru Mungu kwa hilo kila mwaka siku hiyo inapoadhimishwa. Watoto wameingia kwa wingi, na wingi huo ni baraka yenye uzito wake. Skuli nyingi zimelazimika kuwa na mikondo miwili, asubuhi na mchana. Tena Sera ya Elimu ya mwaka 2006 iliagiza Hisabati na Sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, na sekondari masomo mengi husomeshwa kwa lugha hiyo. Maana yake ni kwamba mwalimu wa Kiingereza anabeba somo lake na kivuli cha masomo ya wenzake. Mtoto asipoelewa swali la Biolojia kwa sababu ya lugha, kushindwa kwake kunaanzia katika chumba cha mwalimu wa Kiingereza.

Tufanye hesabu pamoja. Tuseme mwalimu ana darasa la wanafunzi 60, na amewapa insha ya ukurasa mmoja. Akitumia dakika nne tu kwa kila daftari, aisome, aone kosa, aandike neno la kumsaidia mtoto, ni dakika 240, yaani saa nne. Akiwa na madarasa mawili ya namna hiyo ni saa nane, kwa zoezi moja la wiki moja. Saa hizo hazimo katika ratiba. Zinatoka katika usiku wake, baada ya kupika, baada ya kuwalaza watoto wake, na umeme ukikatika anasubiri au anawasha tochi ya simu. Ndiyo maana walimu wengine, si kwa uvivu, huacha kutoa insha na kuwapa watoto maswali ya kuchagua herufi. Mtoto aliyelelewa kwa kuchagua herufi atafika kidato cha nne bila kuwahi kuandika wazo lake mwenyewe kutoka mwanzo hadi mwisho. Hapo ndipo taa ya Shunemu inapohitajika.

Na somo la lugha si sarufi peke yake. Ni kusoma hadithi na kuuliza kwa nini mtu alitenda alivyotenda. Ni kusimama mbele ya wenzako ukajenga hoja. Ni kusikiliza shairi mpaka likakugusa. Kijana wa Malindi, Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa mwaka 1948 na kusoma katika skuli za mji huu, aliandika riwaya zake kwa Kiingereza, na mwaka 2021 akapewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Mwaka uliofuata riwaya yake ikatoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Hatujui ni watoto wangapi wa Kwamtipura, Makunduchi au Mkokotoni wana vitabu vya namna hiyo ndani yao. Tunajua tu kwamba kitabu hakitoki kwa mtoto ambaye hajawahi kukishika kitabu, na kwamba kati ya mtoto na kitabu anasimama mwalimu.

Mtu atasema: mambo haya ni ya Serikali na wafadhili. Ni kweli kwamba mshahara, ajira na madarasa ni wajibu wa Serikali, na sadaka yetu isiwe kisingizio cha kuipunguzia wajibu huo. Kwa upande wa wafadhili, tulijifunza somo chungu mwaka 2025, Marekani ilipolifunga shirika lake la misaada, USAID. Uamuzi ulifanyika mbali, na miradi ya elimu katika nchi zetu ikasimama katikati. Tuwashukuru waliotusaidia, lakini tusimwekee mgeni peke yake funguo za darasa la mtoto wetu. Wazee walisema mcheza kwao hutunzwa. Mwalimu wetu anacheza kwao. Wa kumtunza ni sisi.

Majirani zetu Waislamu wana mengi ya kutufundisha hapa. Katika mji huu wakfu umekuwa njia ya kutoa kwa karne nyingi: mtu huitoa nyumba au shamba lake la minazi, na mapato yakaendelea kutunza msikiti, madrasa na wasomi baada ya yeye kufa. Tena mwaka 1990 ulifika Zanzibar mpango wa madrasa za awali wa Wakfu wa Aga Khan, uliokuwa umeanzia Mombasa katika miaka ya 1980. Mpango ule uliwachukua wanawake wa mtaa ule ule, ukawafundisha ualimu wa watoto wadogo, ukawafuata darasani kuwashauri, na kamati za wenyeji zikazisimamia skuli zao. Fedha ziliingia kwa mwalimu, zikapita kwake kwenda kwa mtoto. Wakristo wa Unguja tukiiga jambo hilo hatutapungukiwa na kitu.

Tufanye nini basi? Nina mapendekezo manne, na yote yamo ndani ya uwezo wetu.

La kwanza ni kutazama, kama alivyotazama yule mama. Kabla ya kununua chochote, twende tukamuulize mwalimu. Mara nyingi tunapeleka skuli makatoni ya vitabu vilivyoachwa na wageni, vingine vikiwa juu ya theluji na michezo tusiyoijua, kisha tunaridhika. Mwalimu angetuambia kwamba anachohitaji ni nakala 40 za kitabu kimoja chepesi, ili darasa zima lisome ukurasa mmoja kwa wakati mmoja. Au rimu za karatasi na wino wa mashine ya kutolea nakala. Au nauli ya kwenda kituo cha walimu kukutana na wenzake wa somo. Au taa ya sola na meza nyumbani kwake.

La pili ni kutoa kwa mfululizo. Elfu mbili kila mwezi kwa miaka mitatu zina nguvu kuliko laki moja ya siku ya mahafali. Napendekeza kila jumuiya yetu ndogo ichague skuli moja iliyo karibu nayo, na ahadi yake iwe ya miaka mitatu.

La tatu ni kutoa kwa uwazi na kwa heshima. Msaada upite kwa mwalimu mkuu na kamati ya skuli, uandikwe daftarini, uwe wa walimu wa somo lote bila kubagua dini wala asili ya mtu. Bahasha inayopelekwa kwa siri wakati wa mitihani haiitwi sadaka. Hiyo inanunua alama, na inamharibu mwalimu, mtoto na mtoaji. Tena tusimpange mwalimu kupiga picha akiwa ameshika karatasi tulizompa. Elisha hakuombwa asimame barazani kuonyesha taa yake.

La nne ni kutoa muda. Wapo wastaafu hapa waliofundisha maisha yao yote, wapo vijana wa hoteli wanaoongea Kiingereza kila siku, wapo akina mama wanaosoma kwa sauti nzuri. Saa moja kwa wiki ya kuwasikiliza watoto wakisoma, kwa ruhusa na mpango wa skuli yenyewe, inampunguzia mwalimu mzigo ambao fedha haziwezi kuuondoa. Na yeyote aliye na mwalimu wake wa zamani aliye hai, amtafute wiki hii. Amwendee kwa miguu yake kama yuko karibu, ampigie simu kama yuko Pemba au Bara, amwambie kwa jina la somo na darasa kile alichomfanyia. Kisha amuulize anaishije.

Mwanamke wa Shunemu hakutafuta malipo. Elisha alipomuuliza atendewe nini, alijibu kwa maana kwamba anakaa salama kati ya watu wake na hana haja. Moyo wa namna hiyo hautoi ili usifiwe. Unatoa kwa sababu umeona. Basi tuombe kwanza macho, halafu mikono itajua la kufanya.

Tuombe. Ee Mungu, uliye asili ya kila neno jema, tunakushukuru kwa walimu waliotufundisha kusoma na kusema. Wape nguvu wanaosahihisha madaftari usiku huu, mjini na mashamba. Walinde na uchungu wa kusahauliwa. Utusamehe tuliokula matunda ya kazi yao bila kuwakumbuka. Waongoze wenye mamlaka wawatendee haki, na utufanye sisi kuwa watu wa kutoa kwa uaminifu, mwezi hata mwezi, mwaka hata mwaka. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu, ambaye wanafunzi wake walimwita Mwalimu. Amina.